Ng'ombe wa Mahari na Minyororo ya Theluji

Naomba radhi mapema, kabla hamjakunja uso. Mwandiko wangu unapanda na kushuka kama barabara za kwetu Matwebe, na tahajia yangu ni ya darasa la saba, basi. Mkikuta herufi imekaa mahali pa mwenzake, isogezeni wenyewe, msinisubiri. Mimi naandika polepole sana. Nikianza ukurasa mama anabandika maharage, na yakiiva bado niko ukurasa uleule. Lakini kwa mdomo ni mbaya zaidi. Mbele ya watu sauti yangu hushuka mpaka mtu anadhani namwombea dua. Kwa hiyo yale niliyopaswa kuyasema siku ile, gari likirudi nyuma lenyewe kwenye tope, nayasema leo kwenye karatasi, ambako hakuna wa kunikatiza.

Niseme kwanza kuhusu baridi, kwa sababu najua kuna wasomaji wa sehemu za joto ambao wakisikia neno hilo wanafikiria soda. Kwetu Rungwe, kuanzia mwezi wa sita, ukungu hushuka asubuhi na kukaa kama mgeni asiye na habari ya kuondoka. Manyunyu yananyesha bila haraka yoyote, na udongo wa barabara unageuka kuwa kitu ambacho hakijaamua kama ni uji au ni sabuni. Kutembea kwa miguu ni kazi. Kuendesha gari ni imani.

Gari lilikuwa la baba mdogo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni vilipoanza kupangwa dukani vikisubiri watu. Sabuni ikawa ya kuchagua harufu. Zikaja nguo za mitumba, na baada ya nguo yakaja magari ya mitumba kutoka Japani. Baba mdogo alikuwa ananunua ndizi vijijini na kuzipeleka Mbeya kwa magari ya wenzake. Akauza alichouza, akashuka Dar es Salaam, akarudi na pikapu nyeupe. Kioo cha mbele kilikuwa na vibandiko vya maandishi ya Kijapani, naye akapiga marufuku kuvibandua. Alisema huo ndio ushahidi kwamba gari halikuundwa uani kwa mtu. Kibandiko kimoja kilikuwa usawa wa macho ya dereva, kwa hiyo mimi barabara nilikuwa naiona yote, isipokuwa kile kipande chenye ushahidi.

Ndiyo, dereva nilikuwa mimi. Baba mdogo hakujua kuendesha, jambo ambalo halikumzuia kuwa mwalimu wangu. Mimi nilijifunzia kwenye trekta la shamba la chai nilikofanya kibarua baada ya kumaliza shule, na somo kubwa la kule lilikuwa kwamba mlima uliopanda kwa gia ya kwanza unaushuka kwa gia ya kwanza. Injini yenyewe inakushikia gari, mguu wako unapumzika. Baba mdogo alikuwa na elimu tofauti. Yeye aliamini breki ni mali, na kila ukikanyaga unakula kipande. Tena aliamini kwamba gari linaposhuka linashuka lenyewe, kwa hiyo kuliunguzia mafuta mteremkoni ni kumlipa mtu mshahara kwa kuanguka.

"Toa gia," alikuwa ananiambia kila tukifika kwenye mteremko. "Liache liende fri. Mungu ametupa mteremko bure, wewe unataka kuulipia."

Nilikuwa nakohoa, halafu naiacha gia palepale ilipo. Yeye anasikia injini inanguruma, ananitazama. Mimi natazama ushahidi.

Gari lilikuja na matairi ya ajabu, laini ukiyabonyeza, yenye meno marefu na mipasuko mingi. Siku hizi nasikia kwamba Wajapani wa upande wenye theluji huyavalisha magari yao wakati wa baridi ili yaume barabara. Baba mdogo aliyatazama akasema yanapiga kelele kwenye lami na yanabeba tope la watu bure. Akayabadilisha kwa matairi mengine yaliyokuwa yanang'aa vizuri. Yalikuwa yanang'aa kwa sababu hayakuwa na kazi nyingine ya kufanya, meno yalikwishaisha siku nyingi.

"Haya yameshazoea barabara zetu," alisema.

Kweli yalikuwa yamezoea. Yalikuwa yamezoea mpaka yamechoka.

Nyuma ya kiti tulikuta sanduku la plastiki, na ndani yake minyororo miwili ya chuma, mipana, imesukwa kama ngazi. Juu ya sanduku kulikuwa na picha: tairi la gari limevishwa mnyororo kama ule, na ardhi yote chini yake ni nyeupe pe. Baba mdogo akaitisha kikao uani kuhusu picha ile. Kaka yangu mkubwa akasema ile nyeupe ni chumvi. Mama akasema ni unga, akasikitika namna unavyopotea. Mimi nikasema, kwa sauti yangu ileile, kwamba labda ni mahali panapoteleza, na mnyororo ni wa kuuma chini.

"Nani amesema?" baba mdogo akauliza, akimtazama kila mtu isipokuwa mimi.

Kwa kuwa hakuna aliyejibu, akatoa hukumu mwenyewe. Tairi limefungwa mnyororo. Kitu hufungwa mnyororo kisiibiwe. Basi Japani kuna wezi wa magari, na dawa yao ndiyo hii. Toka siku hiyo pikapu yetu ikawa inalala imefungwa gurudumu kwenye mparachichi, na majirani wakawa wanakuja kuitazama kama mgonjwa. Mwizi wa magari hajawahi kufika Matwebe, hata kwa kupotea njia. Baba mdogo alilichukua hilo kuwa uthibitisho kwamba mnyororo unafanya kazi.

Mnyororo wa pili ulikaa bila kazi mpaka kaka alipopata mkasa wake.

Kaka alikuwa amechumbia binti wa Kinyala. Walionana kwenye mkutano wa kwaya, yeye akiimba besi na binti akiimba sauti ya kwanza, na kuanzia hapo kaka akawa anafanya mazoezi ya besi hata akiwa anakamua maziwa. Ng'ombe wengine wa mahari walikwishapokelewa, akabaki mmoja wa mwisho. Tulimpeleka kwa miguu, kama watu wote wanavyopeleka. Njiani akateleza, akaingia mtaroni, akafika anachechemea. Baba wa binti akamtazama, akampa maji, akamrudisha.

Mzee yule ni mpole sana. Kwa upole huohuo alimtuma mshenga atuambie kwamba anasubiri ng'ombe mwingine, mzima, asiye na jeraha hata la mwiba, na kwamba mwisho wa kusubiri ni Jumamosi ya pili. Kwa upole zaidi akaongeza kwamba kuna bwana mmoja mwenye duka pale Kiwira ambaye naye amepiga hodi, na ng'ombe wake wanatembea vizuri.

Kaka aliacha kula. Sisemi kwa mfano, aliacha kweli. Ndizi zake nilikuwa namalizia mimi, na huo ndio msaada niliokuwa na uwezo nao.

"Safari hii anapanda gari," baba mdogo akatangaza. "Ng'ombe wa ukoo wetu hatembei tena kama mwanafunzi."

Akachaguliwa mtamba mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mzuri wa kutazama, ila alikuwa na tabia ya kukata kamba. Alikwishakata za katani na za manila. Baba mdogo akafikiri kidogo, akaleta ule mnyororo wa pili, akamzungushia shingoni. Mtamba akawa kama bibi harusi aliyezidishiwa mikufu. Kila akitikisa kichwa ungedhani gereza linahama.

Ijumaa nikalipeleka gari kwa fundi pale Tukuyu mjini, kwa sababu breki zilikuwa zinanitisha. Baba mdogo akaja kunisimamia. Fundi alikuwa mtu mzima, asili yake ya pwani, kofia haimtoki hata akiwa chini ya gari. Akafungua magurudumu ya nyuma, akaziangalia brekishu, zile pedi za kubana gurudumu, akaguna.

"Mwanangu, hapa pamebaki ganda."

"Gari limetoka Japani juzi tu," baba mdogo akamwambia.

"Gari limekuja juzi, mzee wangu. Breki zimeondoka jana."

Akaweka brekishu mpya, akatoa hewa kwenye mirija, akaongeza mafuta ya breki, akakaza hendibreki. Halafu akapiga tairi teke la kirafiki.

"Na hili je? Breki nimekutengenezea, lakini breki inashika gurudumu tu. Anayeshika ardhi ni tairi. Hili lako halishiki hata mkono wa mtu."

"Tunakwenda kutoa mahari," baba mdogo akasema, "hatuendi mashindanoni."

"Haya. Na huu mnyororo?"

"Wa wezi."

Fundi akaugeuzageuza. Yeye alidhani ni wa kuinulia injini. Nilitaka kusema kitu, nikakohoa.

Jumamosi ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye magoti. Kaka alivaa suti yake ya kijivu ya mtumba, aliyoipiga pasi ya mkaa mpaka ikang'aa magotini, na tai nyekundu. Akapanda nyuma na mtamba. Baba mdogo akakaa mbele na lile sanduku miguuni, ndani yake mnyororo wa gurudumu, kwa sababu alikusudia kulifunga gari tukifika.

"Ukweni kuna watu wengi," alisema. "Macho ni mengi."

Tukaanza kushuka. Akaniambia nitoe gia, nikakohoa. Kwenye kona ya kwanza akatokea ndani ya ukungu mtu anasukuma baiskeli iliyojaa mikungu ya ndizi, nami nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Fundi alifanya kazi nzuri, maana gari lilisimama palepale. Ng'ombe hakuarifiwa. Alikuja mzimamzima mpaka kwenye kioo cha nyuma, akakigonga kwa paji la uso, na kikawa na ukungu wa pumzi yake usawa wa kisogo cha baba mdogo.

Kaka akapiga bodi. "We dogo, unataka kuniua? Akivunjika pembe hapa mimi nitaoa nini, kioo?"

"Umekula kipande kikubwa sana hapo," baba mdogo akasema, akimaanisha breki.

Kuanzia kona ile mwalimu wangu akawa ng'ombe. Baba mdogo alikuwa akisema mengi na yote yalikuwa yanapita, lakini mtamba alikuwa akisema neno moja tu, kwa kichwa, nami nilikuwa nalielewa. Nilianza kuitazama barabara ya mbali badala ya ile iliyo chini ya boneti. Nikiona giza ndani ya ukungu, liwe mtu au mgomba, naondoa mguu kwenye mafuta mapema, naiachia gia ivute, halafu naigusa breki kama mtu anayepima joto la uji. Gari likikaribia kusimama naiachia kidogo, ili lisimame bila kuinama. Nikifanya vizuri mtamba anabaki wima. Nikifanya vibaya nasikia mnyororo na kaka wanakuja mbele kwa pamoja. Tulipovuka maji yaliyosimama barabarani nikawa naigusa breki taratibu huku gari likienda, ikauke, maana breki iliyolowa inakusikiliza kwanza halafu ndiyo inafikiri.

"Washa taa kubwa, huoni," baba mdogo akasema.

Nikawasha. Ukungu ukageuka ukuta uliopakwa chokaa. Nikarudisha ndogo. Akaanza kufuta kioo kwa hasira.

Lami ya kwenda Kiwira tuliimaliza salama, mtamba akiwa ameshaanza kucheua, jambo ambalo mimi nililipokea kama cheti. Kisha tukaacha lami, tukashika barabara ya udongo ya kwenda Kinyala, na mlima ukatupokea.

Tulipanda kwa gia ya kwanza mpaka katikati. Hapo matairi yaliyozoea barabara zetu yakaanza kuzunguka mahali pamoja, yanarusha tope nyuma, gari limesimama. Halafu likaanza kurudi. Nikakanyaga breki. Magurudumu yakasimama. Gari likaendelea na safari. Hili watu hawalijui mpaka liwapate: breki zilikuwa hazina kosa, zilishika magurudumu kwa uaminifu wote, na magurudumu yaliyoshikwa yakateleza juu ya tope kama mche wa sabuni kwenye sakafu ya bafu. Usukani ulikuwa mwepesi, hauna mtu upande wa pili. Kushoto kulikuwa na korongo lenye migomba, na migomba tuliiona kwa juu.

Mguu wangu haukutaka kutoka kwenye breki. Niliutoa kwa kuulazimisha. Magurudumu yakaanza kuzunguka, usukani ukapata uzito, nikaelekeza mkia wa gari upande wa ukingo wa juu, nikagusa breki, nikaachia, nikagusa tena. Gari likaegemea ukingo, likatulia.

Nyuma kukawa kimya kabisa. Hata mnyororo ulinyamaza.

"Kaka," nikaita.

Nikashuka. Mtamba alikuwa amepiga magoti, na kaka amepiga magoti mbele yake, suti na tope, anampapasa miguu mmoja baada ya mwingine.

"Hapa kuna kitu cheusi," akasema. "Ni damu?"

Akapangusa kwa kiganja, akatazama, akapangusa tena kwa mkono wa koti.

"Ni tope," akasema. "Ni tope tu. Ni mzima." Na sauti yake ya besi ilikuwa imepanda mpaka sauti ya kwanza.

Wakati huo wakashuka akina mama wenye mizigo ya kuni, wakasimama kututazama. Mizigo ilibaki kichwani, hawakuona sababu ya kuitua kwa jambo dogo kama sisi.

"Mugonile," mmoja akatusalimu kwa heshima zote. "Mnamuuza huyo au mnamtembeza?"

"Tunampeleka ukweni," kaka akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa yule mzee wa chini ya kanisa."

Wakatazamana. "Basi muwahi, baba. Kuna bwana wa duka amepita hapa asubuhi na ng'ombe wake, kwa miguu. Saa hizi anakunywa chai."

Kaka akakaa chini, palepale penye ng'ombe.

"Tumshushe, atembee," baba mdogo akasema.

"Ateleze tena?" kaka akauliza. "Na huu mlima? Baba mdogo, akipata mchubuko mmoja tu, mimi basi."

Nikaenda kwenye kabini ya gari nikachukua lile sanduku, nikaitazama ile picha. Tairi, mnyororo, ardhi nyeupe. Kisha nikalitazama tairi letu na ardhi yetu, ambayo tofauti yake ilikuwa rangi tu.

"Baba mdogo," nikasema. "Minyororo."

"Nini?"

"Minyororo. Ivae gari."

"Sema kama mtu. Unanong'ona kama unaungama."

Sikuwa na sauti nyingine ya kumpa, kwa hiyo nikaanza kazi. Nikalaza ule mnyororo wa kwanza juu ya tairi la nyuma, nikaupitisha kwa ndani, nikaushikiza kulabu zake, kama ilivyokuwa kwenye picha. Halafu nikapanda nyuma nikaanza kumvua mtamba mkufu wake.

"We, unafanya nini?" baba mdogo akaniuliza. "Hapa kuna mwizi gani?"

"Si huyo anayevua," mama mmoja wa kuni akamjibu, na wenzake wakacheka mpaka mizigo ikatikisika.

Kaka alinitazama, akautazama mnyororo, akamtazama mtamba mkata kamba ambaye sasa angebaki bila kitu shingoni. Ng'ombe yule ndiye alikuwa ndoa yake, na sasa kaka alikuwa anaombwa amwachie wazi juu ya mlima. Akavua tai yake nyekundu, akamfunga nayo shingoni, akajizungushia ncha mkononi, na mkono wa pili akamkumbatia.

Nikavisha tairi la pili. Nikamwomba kaka amrudishe mtamba nyuma, asimame juu ya magurudumu yanayovuta, kwa sababu gari jepesi mkiani halina mshiko. Halafu nikamwomba baba mdogo naye apande nyuma akae hapohapo, kwa kuwa yeye ni mtu mnene. Alipanda. Naweza kusema ndiyo safari pekee aliyonisaidia kuendesha.

Nikaondoka taratibu, mafuta kidogo. Minyororo ikaanza kutafuna barabara, sauti yake kama mtu anayekula mahindi ya kukaanga, na gari likapanda. Lilipanda kama mtu mwenye shughuli zake. Akina mama wa kuni walibaki nyuma wakipiga vigelegele ambavyo sikujua kama ni vya pongezi au vya dhihaka, na mpaka leo sijui.

Juu ya mlima kulikuwa na mteremko wa kwenda kwa mzee, na huo ndio uliokuwa mbaya, maana nyuma yangu kulikuwa na ng'ombe aliyefungwa tai. Nikaweka gia ya kwanza, nikaondoa mguu kwenye breki kabisa, nikauweka sakafuni nisiuone. Injini ikashika gari. Tukashuka kwa mwendo wa bibi anayetoka kanisani. Nikasikia baba mdogo anapiga bodi. Inawezekana alikuwa anasema nitoe gia, na inawezekana alikuwa anasali. Ukungu ulinisaidia nisisikie.

Tukasimama uani bila mtamba kusogea hata kwato moja. Bwana wa duka alikuwa barazani, ana kikombe, ng'ombe wake amefungwa kwenye nguzo, safi kabisa. Mzee alikuwa amesimama nje, mikono nyuma. Alitusalimu kwa upole wake, akasema amri yake ilikuwa Jumamosi na Jumamosi bado haijaisha. Akamzunguka mtamba. Akamwinua kwato, akampapasa magoti, akamfunua mdomo, akamfunua na sikio. Kaka alikuwa bado amekumbatia shingo ya ng'ombe. Nadhani alisahau kuiachia.

Halafu mzee akalitazama gari. Akainama mpaka kwenye magurudumu, akarudi kuitazama tai.

"Kwenu," akasema polepole, "gari mnalifunga minyororo, ng'ombe mnamvalisha tai?"

Mimi nilitafuta mahali pa kujificha. Lakini baba mdogo alishuka, akapangusa koti, akasema bila kupepesa: "Ndivyo walivyo wenzetu wa Japani, mzee. Gari la heshima haliji ukweni miguu mitupu."

Mzee akatafakari. Ndani ya nyumba nilisikia mtu anacheka, sauti ya kwanza.

"Ng'ombe nimempokea," akasema. "Huyu kijana aliyemshika hivi njia nzima, naye nimempokea. Na kwa kuwa mmefika, viatu huvuliwa mlangoni. Vijana, likagueni hilo gari, livueni."

Wakalivua. Baba mdogo aliitazama minyororo ikiingizwa ndani kwa mzee. Siku kama ile mkwe huwezi kumnyima kitu. Bwana wa duka akamaliza chai yake, akampa kaka mkono, akauliza kama ile minyororo inaagizwa kwa jumla. Nasi tukarudi na mikungu ya ndizi tuliyopewa, nikaipanga yote nyuma juu ya magurudumu iwe uzito, vijana wa mzee wakatusukuma mpaka kileleni, tukashuka mlima kwa gia ya kwanza. Baba mdogo alikuwa mbele, amepakata sanduku tupu. Hakutaja gia hata mara moja.

Kaka alioa. Shemeji anatuambia yule mtamba amezaa, na bado anafungwa kwa ule mnyororo, na wa pili umefunga geti. Pikapu yetu haifungwi tena na haijaibiwa, jambo ambalo baba mdogo anasema ni bahati. Matairi bado yanang'aa.

Sasa nieleze kwa nini nimejitesa kuandika yote haya. Karibu na nyumba ya mzee yule kuna jirani, na jirani huyo ana binti, ambaye siku ile alileta maji tukanawa, akanishukuru kwa kuendesha vizuri, nami nikakohoa. Mama ameshajua, maana kuhusu mambo haya hahitaji kuambiwa. Ng'ombe wa kuanzia tunao. Baridi inakaribia, mlima ni uleule, na minyororo pekee ninayoifahamu iko ng'ambo yake, upande ambao siwezi kufika bila minyororo.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, naomba mniandikie. Kama kuna anayejua ilikobaki minyororo ya namna ile, Mbeya au kwingine, anielekeze. Kama kwenu pia kuna tope na ukungu, nielezeni mnapandaje na mnashukaje, na mnawanyamazishaje baba wadogo. Na kama kuna mwenye aibu kama yangu aliyewahi kumwambia binti neno likasikika, aniandikie huyo kwanza. Andikeni herufi kubwa, tafadhali. Nasoma vilevile ninavyoandika.